Fukusi Waliofukuzwa Nyumbani: Kisa cha Kihori Kimoja cha Kisumu

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu. Jumatatu asubuhi tingatinga lenye mkono mrefu, la kung'olea magugu maji, lilishushwa kwenye lori karibu na banda la kupimia samaki, na Jumatano jioni kihori chetu, kighuba kidogo cha Ziwa Victoria, kilikuwa maji matupu, kutoka matete ya upande huu hadi mafunjo ya upande ule. Watoto walijirusha majini. Wazee wenye mashua, ambao vyombo vyao vilikuwa vimefungwa karibu miezi minne, walivisukuma jioni ileile bila hata kungoja upepo utulie. Nami nilisimama ukingoni nikipiga makofi pamoja na wenzangu. Nilikuwa nimeshalala usiku ule nilipokumbuka kwamba ndani ya yale marundo ya majani yaliyomwagwa kando ya barabara walikuwamo fukusi wetu wote, wale wadudu tuliowaweka humo wayale magugu hayo.

Miezi minne baadaye magugu maji yalirudi, mabichi na manene kuliko mwanzo, na hukumu ikapita ufuoni: fukusi wa mwalimu wameshindwa. Nimeisikia kwenye mashua, nimeisikia kwenye matanga, nimeisikia hata nikipimiwa omena. Naandika kisa hiki kwa sababu siikubali hukumu hiyo. Fukusi wale walikuwa wameanza kazi. Sisi ndio tuliowabomolea nyumba, na mimi nimo katika hao sisi.

Fukusi gani hawa?

Nilifundisha baiolojia hadi nikastaafu, na hapa ufuoni bado naitwa mwalimu, au japuonj kwa wanaopendelea Dholuo. Siku ya kwanza nilipoleta beseni la fukusi kwenye kikao cha kamati ya ufuo, mama mmoja anayekaanga samaki alichungulia, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Mwalimu, hawa si ndio walionimalizia mahindi msimu uliopita? Sasa unatuletea wengine?"

"Sio hao, mama. Wale wako ni ukoo mwingine."

"Fukusi ni fukusi."

Hofu yake ilikuwa ya haki kabisa. Katika nyumba zetu jina fukusi lina maana ya gunia lililogeuka unga. Yule wa ghalani, Sitophilus zeamais, hutoboa punje, hutaga yai ndani, akaziba tundu, na mtoto wake hula humo humo mpaka atoke akiwa mkubwa. Kumwambia mama aliyepoteza magunia yake kwamba "wataalamu wamesema ni salama" ni kumdharau. Kwa hiyo nilichukua chupa mbili za jamu. Katika moja nilitia punje kavu za mahindi na fukusi kumi wa ziwani. Katika nyingine nilitia jani la gugu maji na fukusi kumi waliotoka kwenye gunia lake mwenyewe. Nilifunga midomo kwa kitambaa, nikamwachia zote mbili kibandani kwake, asije akasema nimezibadilisha usiku.

Baada ya wiki moja alinipigia simu niende. Jani lilikuwa limenyauka bila kovu hata moja, na fukusi wa mahindi walikuwa wakizunguka kwenye kioo wakitafuta njia. Chupa ya mahindi aliimwaga kwenye ungo. Aligeuza punje moja moja kwa ukucha, akaisogeza kila moja karibu na jicho. Fukusi wa ziwani walikuwa wengine wamekufa, wengine wamelegea. "Hakuna tundu," akasema. Tangu siku hiyo mama huyu amekuwa mtetezi wao kuliko mimi, na baadaye mtaona alichotufanyia.

Fukusi wa ziwani ni wa jenasi iitwayo Neochetina. Ni jenasi ndogo, yenye spishi sita, zote asili yake ni Amerika, na zote hutegemea mimea ya familia moja, ile ya gugu maji na ndugu zake. Wawili kati yao ndio waliosafirishwa duniani kupambana na magugu maji: Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Marekani iliwaachilia Florida, wa kwanza mwaka 1972 na wa pili mwaka 1974, wakitokea Argentina. Leo wapo katika nchi zaidi ya 30. Kabla ya kuruhusiwa kutoka nchi moja hadi nyingine walijaribiwa kwenye aina zaidi ya 250 za mimea, yakiwemo mazao ya chakula, na hawakuweza kuishi na kuzaana kwenye mimea hiyo ya shambani. Jaribio langu la chupa za jamu lilikuwa la mama mmoja tu, lakini lilisema jambo lile lile.

Kwa macho ni wadogo, milimita nne au tano, wenye mdomo mrefu uliopinda kama mkonga. Eichhorniae ni wa rangi ya kijivu na kahawia iliyochanganyika, na mgongoni ana mistari miwili myeusi inayokwenda sambamba. Bruchi ni wa kahawia zaidi, na mgongo wake umekatwa na utepe mpana wa rangi hafifu uliopinda kama herufi V. Mwili wao umefunikwa kwa magamba membamba yanayokataa maji. Mzamishe mmoja kwenye kikombe, atapanda juu akiwa mkavu.

Sasa niseme wanapoishi, kwa sababu kisa chetu chote kiko hapo. Watu husema fukusi hawa "wanaishi ziwani". Hawaishi ziwani. Wanaishi ndani ya mmea mmoja unaoelea, na kila sehemu ya mmea huo ni chumba chenye kazi yake. Mchana fukusi mkubwa hujificha katikati, pale majani machanga yanapochipuka yakiwa bado yamejikunja. Giza likiingia hupanda kwenye jani na kukwangua ngozi ya juu, akiacha makovu madogo kama madirisha ya mraba, milimita mbili tatu kila moja. Jike huchimba kishimo katika jani au katika kikonyo, ile sehemu iliyovimba kama puto inayoushikilia mmea juu ya maji, na kutaga humo. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo yai huanguliwa. Buu, jeupe, lisilo na miguu, lenye kichwa cha rangi ya chungwa, hutoboa kikonyo kwa ndani likishuka kuelekea kitovu cha mmea, na huko hula macho ambayo yangezaa majani mapya.

Mwisho wa safari ndio unaonishangaza kila nikiusimulia. Buu lililokomaa hutoka, hushuka kwenye mizizi chini ya maji, hukusanya vinywele vya mizizi na kujisokotea kifuko kidogo cha duara. Kifuko hicho hushikamana na mzizi ulio hai, na mdudu aliye ndani hupata hewa kupitia mzizi huo. Hana njia nyingine ya kupumua kule chini. Mzizi ukifa, naye amekufa. Tangu yai hadi fukusi kamili ni miezi mitatu hivi, kukiwa na joto la kutosha.

Ghuba ilivyokuwa

Wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa mwaka 1998, lakini vijana wa sasa hawakuuona. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini kama ua la mapambo, likasambaa duniani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda, Mto Kagera ukiwa njia yake moja kubwa. Upande wetu liliingia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufikia Novemba 1998 lilifunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa unaofika Kisumu, yaani kilomita za mraba 170, kwa hesabu ya picha za setelaiti. Gati la Kisumu lilizibwa. Samaki aina ya ngege waliadimika sokoni, na kamongo, ambaye hupumua hewa na hajali maji mazito, akajaa kwenye meza za wauzaji.

Fukusi walikuwa wamekwisha kuingia. Taasisi ya utafiti wa kilimo, wakati huo ikiitwa KARI, iliwazalisha katika kituo chake cha Kibos nje kidogo ya mji, na kuanzia Januari 1997 hadi mwaka uliofuata ikaachilia fukusi wakubwa zaidi ya 70,000 katika sehemu 29 za ziwa. Miaka miwili watu walicheka: tone kwenye bahari. Kisha mwaka 1999 mikeka ya magugu ikaanza kugeuka kahawia, ikapungua kimo, ikazama. Mwanzoni mwa mwaka 2000 kilichobaki ghubani kilikuwa hekta mia kadhaa.

Nani alifanya kazi hiyo? Watafiti wamebishana hadharani. Kuna waliosema ni mvua za El Niño za 1997 na 1998, pamoja na mawingu yaliyopunguza mwanga wa jua na mawimbi yaliyovunja mikeka. Kuna waliojibu kwamba ni fukusi. Palikuwa pia na mashine za kukatakata hapa Kisumu, nazo zina sehemu yao. Mimi niko upande wa fukusi, na sababu yangu ni ya mtu aliyeushika mmea huo mkononi. Gugu zima halizamishwi na wimbi. Vikonyo vyake vimejaa hewa. Wimbi huzamisha gugu ambalo vikonyo vyake vimetobolewa na mabuu, vikaingia maji, vikaoza kwa kuvu na bakteria. Mvua ilisukuma mlango ambao ulikuwa umeshaliwa bawaba.

Mikeka iliporudi kwa nguvu, mwishoni mwa 2006 na kuingia 2007 baada ya mvua kubwa, watu waliuliza fukusi wamekwenda wapi. Walikwenda na nyumba yao. Mikeka ilipozama mwaka 1999, wengi wao walikufa kwa kukosa pa kuishi, wakabaki wachache kwenye vipande vilivyojificha. Mbegu za gugu maji, kwa upande wake, hukaa topeni hata miaka 20 zikingoja mwanga. Ukinielewa hapa, umekwisha kuelewa kilichotokea kwenye kihori chetu, ila kwetu haikuchukua miaka saba.

Kihori chetu

Kihori kiko ukingoni mwa mji, upande wa kusini, na sitakitaja zaidi ya hapo kwa sababu walio kwenye kisa hiki ni majirani zangu. Kina mdomo unaotazama ghuba na mkia uliojificha nyuma ya mafunjo. Upepo wa hapa tunaujua wote: asubuhi hutoka nchi kavu na kusukuma vitu nje, mchana hugeuka ukatoka ziwani na kuleta kila kinachoelea hadi Kisumu. Mkeka unaweza kulala Kendu Bay ukaamkia kwetu.

Mwaka juzi kikundi chetu, wenye mashua na akina mama wa samaki, kiliamua kujaribu fukusi. Tulipata mimea yenye makovu kutoka mkeka mmoja wa zamani, tukakata mapipa matatu ya plastiki katikati yakawa matangi sita, tukajaza maji ya ziwa na samadi kidogo, tukapanda magugu mazuri pamoja na yale yenye fukusi, tukafunika kwa neti kuukuu za mbu. Samadi haikuwa mapambo. Bruchi hustawi kwenye mmea ulioshiba; kwenye mmea wenye njaa ni eichhorniae anayevumilia zaidi. Maji ya Kisumu yameshiba kupita kiasi, kwa hiyo tulitaka wote wawili.

Baada ya miezi minne tuliwahamishia ziwani. Hatukuwamwaga majini kama samaki. Tulichukua mimea mizima yenye mayai, mabuu na vifuko, tukaichomeka katikati ya mkeka. Kundi la kwanza tulilichomeka mdomoni mwa kihori, kwa kuwa mashua hufika huko kwa urahisi. Asubuhi mbili baadaye upepo wa nchi kavu ulimega kipande hicho chote kikaenda zake. Nilipanda mwamba nikakitazama kikipotea. Kwa ziwa zima huenda haikuwa hasara, maana popote kilipotua fukusi walitua nacho, lakini sisi tulikuwa tumebaki na matangi matupu nusu.

Kundi la pili tulilipeleka mkiani, nyuma ya mafunjo, tukipita kwa kuvuta mashua kwa kamba. Hilo lilishika. Mwezi wa tano baada ya kulichomeka, majani ya huko yalikuwa mafupi, yamejaa makovu, kingo zake zimekauka. Niling'oa mmea mmoja nikapasua kikonyo kwa wembe mbele ya kamati: handaki jeusi lilishuka moja kwa moja, na mwishoni mwake buu likajikunja kwa kuudhiwa na mwanga. Mzee mmoja mwenye mashua alilitazama muda mrefu. "Kumbe anachimba kama mtu wa dhahabu," akasema.

Wiki tatu baada ya hapo likaja tingatinga.

Tulipokosea

Nianze kwa kusema kwamba sipingi mashine wala sipingi mikono. Samaki wakiozea kwenye mashua zilizonaswa, mtoto wa shule anakosa karo leo. Fukusi hakulipi karo leo. Konokono wa kichocho nao hupenda kivuli cha magugu, na akina mama wanaochota maji humo hawawezi kusubiri kizazi cha tatu cha mdudu. Mwanakandarasi aliletwa kusafisha kihori, akakisafisha. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kona asiyopaswa kugusa.

Aliyepaswa kumwambia ni mimi. Kikao cha kumpokea kilifanyika Jumamosi, nami nilikuwepo. Niliona aibu kusimama mbele ya watu wenye shida na kuomba magugu yaachwe. Nilijua ningeulizwa, nikanyamaza ili nisiulizwe. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ndilo kubwa.

La pili ni matangi. Baada ya kundi la pili kushika tuliona kazi imekwisha, na matangi yetu yakageuzwa ya kuoshea nyavu za omena. Hatukubakiza hata moja lenye mbegu ya fukusi.

La tatu linahusu mahali magugu yalipomwagwa. Yalirundikwa kando ya barabara, mbali na maji, chini ya jua la Februari. Alhamisi alfajiri nilikwenda na panga na ndoo. Nilichambua mizizi iliyokuwa juu ya rundo, nikakuta vifuko, nikavipasua kimoja kimoja. Kila mdudu wa ndani alikuwa amekauka, mweupe na mwepesi kama wali uliosahaulika juani. Mabuu kwenye vikonyo yalikuwa yamepikika. Nilikaa juu ya jiwe, nikashindwa kuendelea.

Ni yule mama wa chupa za jamu aliyenikuta pale. Aliinua majani ya juu kwa kijiti, akaingiza mkono chini ambako kulikuwa bado na unyevu, akautoa. "Mwalimu, huyu anatembea." Fukusi wakubwa walikuwa wamekimbilia chini. Tulirudi usiku na tochi mbili, na binti yake akaja na ndoo ya tatu. Usiku ndio wakati wao. Walikuwa wakipanda juu ya majani yaliyokauka wakitafuta pa kula. Kwa usiku mbili tulikusanya 47. Tuliwarudisha kwenye tangi moja tulilolidai kutoka kwa waosha nyavu kwa maneno makali kidogo.

Kilichofuata kihorini kilikuwa hesabu tu. Mvua za Machi zilileta tope na maji machafu ya mji, na mbegu zilizokuwa chini zikaona mwanga kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwa sababu mkeka uliozifunika haupo. Katika maji ya joto na yenye rutuba, gugu maji huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili au chini ya hapo. Tuchukue wiki mbili. Wiki 12 ni kuongezeka maradufu mara sita: mmea mmoja unakuwa 2, 4, 8, 16, 32, 64. Katika wiki hizo hizo 12, yai la fukusi ndiyo kwanza limekuwa fukusi. Jike hutaga mayai mamia katika maisha yake, ndiyo maana akipewa muda huufikia mmea na kuupita. Lakini lazima awepo tangu mbio zinapoanza. Sisi tulisafisha uwanja, tukamwacha mmoja akimbie peke yake robo mwaka, halafu tukamcheka wa pili kwamba hana mbio.

Kuna wanaonijibu kwamba dawa ya kweli ni kuzuia uchafu: maji taka yanayopitia Mto Kisat, udongo na mbolea vinavyoshuka na Mto Nyando kutoka Kano na mashamba ya miwa. Nakubali bila kupunguza neno. Maji yakiwa na njaa, gugu hukua polepole na fukusi hulimudu. Ila jambo hilo liko mikononi mwa watu wengi walio mbali na kihori chetu, na kona nyuma ya mafunjo iko mikononi mwetu.

Kona

Kikao cha kuomba kona kilikuwa kigumu kama nilivyokiogopa. Mzee mwenye mashua mbili, yule aliyeshangaa buu, alisimama kwanza.

"Mwalimu, kwa heshima. Umeona wapi mtu anapalilia gugu?"

Nilianza kueleza mizizi na vifuko, nikaona macho yanaelea. Mama alininyanyukia, akajifuta mikono kwenye leso.

"Wazee, mimi jioni sizimi moto wote. Nafunika kaa moja kwa jivu. Asubuhi silipi kiberiti wala siombi moto kwa jirani. Mwalimu anaomba kaa moja tu."

Tulipewa. Ni sehemu ndogo mkiani, kama nusu ya uwanja wa voliboli, tuliyoizungushia vigingi vya mikaratusi na kamba ya wavu mkuukuu yenye maboya, isisafiri na upepo wa asubuhi. Sharti la kamati ni kwamba lazima ibaki hapo hapo. Ikivuka kamba, vijana wanaruhusiwa kuing'oa. Sharti letu ni kwamba kila anayekuja kusafisha, awe wa mashine au wa reki, anapelekwa kwanza kuonyeshwa kamba kabla hajaingia majini. Limeandikwa kwenye daftari la kamati, ukurasa wa mbele. Pia tumekubaliana kuwa magugu yanayong'olewa yalazwe usiku mmoja ukingoni, yakigusana na magugu ya kona, ili fukusi wakubwa waliomo wapate njia ya kutembea. Wasukaji wa viti na vikapu wanavichukua vikonyo vyake siku inayofuata, wala hawajalalamika kwa kuchelewa siku moja. Matangi mawili yanakaa na fukusi mwaka mzima, na funguo za banda anazo mama.

Wale 47 na watoto wao tuliwahamishia kwenye kona mwezi wa nane. Kihori bado kinajaa mara kwa mara, na bado tunang'oa kwa mikono ili mashua zipite. Sitarajii vinginevyo kwa sasa. Ninachokitazama ni kingo.

Mwezi uliopita upepo wa mchana ulileta mkeka mpya kutoka ghubani, mimea mirefu inayofika kiunoni, majani yanang'aa, haina kovu hata moja. Ulijisukuma hadi ukaegemea kamba yetu, na sehemu yake ikakaa hapo ikigusana na kona. Niliweka alama ya uzi mwekundu kwenye mmea mmoja wa wageni, hatua moja kutoka kwenye kamba. Juzi usiku nilikwenda na mama na tochi. Upande wa kona majani yalikuwa mafupi na ya kahawia kama kawaida. Nilivuka kamba kwa mwanga, nikautafuta uzi, nikaligeuza jani la pili. Lilikuwa na makovu kumi na moja, mabichi, na juu kidogo, pembeni ya kikonyo, bruchi mmoja alikuwa ameinamisha mdomo wake, akichimba kishimo.

"Mwondolee mwanga, mwalimu," mama akanong'ona. "Mwache atage."